Mama Pacha Hana Pacha

Mama mdogo wangu ni askari polisi, sajenti, na miguu yake ni ya mtu aliyesimama barabarani miaka kumi na moja akiongoza magari. Magari ameyaacha, ila miguu haijasahau. Akirudi kazini anavua viatu mlangoni, anaitumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, halafu anatoa simu mbili mkobani na kuziweka juu ya stuli. Ya kwanza ni yake. Ya pili ni ya Mama Pacha.

Mama Pacha hayupo. Nasema mapema nisije nikamchanganya mtu. Ni jina tu la mtandaoni, na picha ya maua, na mwaka mzima wa maneno ambayo mama mdogo aliyaandika kwa dole gumba. Mama Pacha ana mapacha wa miaka mitano, wa kiume na wa kike, na yule wa kike ana kifafa. Mume wake ni fundi bomba. Vitunguu hataki hata kuvisikia. Mama mdogo mwenyewe hana mtoto wala mume, na vitunguu anavila vibichi.

"Mtu wa uongo lazima awe na vitu asivyovipenda," aliniambia siku moja. "Asiyekataa chochote anajulikana upesi."

Mimi nilikuja kuishi naye nilipoacha shule, darasa la sita, mama alipoumia mgongo. Tuna chumba na sebule, na katikati pazia tu, kwa hiyo mengi nimeyajua bila kuambiwa. Siulizi sana. Mwenye nyumba wetu ndiye anayeuliza kwa niaba ya mtaa mzima.

"Hivi sajenti," alisema akianika nguo, "ni kweli serikali inakulipa kwa kuchati?"

"Inanilipa, mama. Ila hizo chati nazisaini kila ukurasa."

"Basi nitafutie na mimi nafasi. Mimi kuchati sichoki."

"Utachoka," mama mdogo alisema. Hakucheka.

Alipelekwa dawati la makosa ya mtandao kwa sababu magoti yalikataa barabara, na kwa sababu siku moja mkuu aliuliza ni nani anaweza kupiga chapa kwa vidole vyote kumi. Kabla ya upolisi alikuwa mpiga chapa. Ofisi yenyewe ilikuwa stoo ya vitu vilivyookotwa. Mpaka leo kuna fremu za baiskeli ukutani na begi la mtu ambalo hakuna anayethubutu kulifungua. Meza mbili, feni moja, na printa wanayogombania na watu wa usalama barabarani. Mwenzake ni koplo mmoja kijana wanayemwita Waya, maana hakosi waya shingoni kama tai.

Watu wanadhani polisi wa mtandao anabonyeza kitufe na mhalifu anatokea na jina la babu yake. Sivyo. Wanapiga picha ukurasa wa mhalifu, lakini picha peke yake ni takataka. Lazima tarehe ionekane, saa ionekane, na anwani ya ukurasa. Lazima mtu wa pili awe anaangalia picha ikipigwa. Kisha inachapwa, inapewa namba, wote wawili wanasaini. Koplo Waya akienda msalani, sheria inamsubiri. Halafu kuna barua ya kuiomba kampuni ya mtandao isifute kitu, halafu barua ya mahakama ya kuomba jina la mwenye akaunti. Kampuni iko mbali. Barua ya kwanza ilijibiwa na mashine. Ya pili ilijibiwa baada ya wiki saba, ikiomba muhuri uonekane vizuri zaidi.

Na kila asubuhi, kabla ya chai, Mama Pacha lazima alishwe. Ndivyo wanavyosema wao: kulisha akaunti. Unaweka picha ya nguo za watoto kwenye kamba, ambazo ni za jirani. Unawapa pole wenzako. Unalalamika kuhusu maji. Akaunti isiyolalamika imekufa.

Kesi ilianza na chupa. Nesi mmoja aliileta kituoni ikiwa kwenye mfuko wa nailoni: dawa ya kifafa ya watoto, ya maji, rangi ya waridi, lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine. Mtoto aliyeinywa aliachishwa dawa yake ya kweli bila mama yake kujua, maana ile ya chupa ilikuwa sukari na rangi. Akaanguka mara tisa kwa siku moja. Hajafa, lakini mguu wake wa kushoto haumsikii tena. Mama yake aliinunua kwa mtu anayejiita Dokta Nafuu, ndani ya kundi la mtandaoni la wazazi wenye watoto wa kifafa. Laini ya simu ya Dokta Nafuu ilisajiliwa kwa jina la mzee mmoja muuza mkaa ambaye hajawahi kumiliki simu. Koplo Waya alienda kumwona, akarudi amenunua mkaa.

Kwa hiyo wakamzaa Mama Pacha, wakamwingiza kwenye lile kundi.

Dokta Nafuu alikuwa mwangalifu. Hamuuzii mtu mpya mpaka wanakundi wawili wa zamani wamdhamini. Na mteja mpya humpelekea dawa yeye mwenyewe, mara ya kwanza tu, ili amwone kwa macho. Baada ya hapo anatuma mtu wa pikipiki. Mama mdogo aliitaka hiyo mara moja tu. Mara moja, stendi, mchana kweupe, mkono juu ya mkono na chupa katikati.

Mdhamini wa kwanza alipatikana baada ya miezi minne. Wa pili akawa Mama Vifungo.

Jina hilo alijipa mwenyewe huko mtandaoni. Ni fundi cherehani, na picha yake ni chupa ya vifungo vya rangi zote. Ana binti wa miaka saba. Alianza kwa kumwelekeza Mama Pacha namna ya kumlaza mtoto ubavu akianguka, na kumwambia asimtie kijiko mdomoni hata wakwe wakipiga kelele. Kisha wakazoeana. Kila siku, asubuhi na mchana. Nilikuwa namwona mama mdogo akisoma simu ya kazi huku mdomo umejikunja pembeni, na yeye si mtu wa kucheka hovyo.

"Kasema nini?" niliuliza siku moja.

"Kasema wifi yake kaja kumfundisha kulea, na wake mwenyewe kawasahau sokoni wawili."

Halafu akaweka simu kifudifudi.

Mimi ndiye niliyeona kosa la Jumapili. Nilikuwa nachambua mchele, yeye kalala mkekani na kitambaa machoni, siku yake pekee ya kupumzika. Nikamwambia, "Mamdogo, huyu Mama Pacha wako mbona Jumapili haandiki? Na akiandika ni kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na nusu. Mtoto wake anaumwa saa za ofisi tu?"

Akaondoa kitambaa.

"Mwaka mzima," alisema, "na koplo mwenye diploma hajaona."

Wiki ileile Dokta Nafuu akauliza inboksi: Mama Pacha, Jumapili huwa unapotelea wapi? Mama mdogo akajibu kwamba Jumapili simu inakuwa kwa mume. Ikapita, lakini kuanzia hapo Jumapili nayo ikaliwa. Analala mkekani na simu kifuani, na kila saa anainuka kulalamika kuhusu maji. Nikatamani ningenyamaza.

Mwezi uliopita dawa ya kweli ikaisha hospitalini. Dirishani wanakwambia njoo wiki ijayo. Kundi zima likamgeukia Dokta Nafuu. Ijumaa Dokta Nafuu akamkubali Mama Pacha: stendi, Alhamisi, saa sita mchana. Koplo Waya alipiga simu mpaka nyumbani kwa furaha, nikamsikia akiimba.

Ijumaa hiyohiyo Mama Vifungo akaandika kwamba naye kaagiza. Ya kwake italetwa na pikipiki Jumanne, maana Dokta Nafuu alishamwona zamani, alipomuuzia vitamini.

Jumatatu jioni mama mdogo alimpigia mkuu wake wa upelelezi. Niliisikia kupitia pazia, upande mmoja tu.

"Ndiyo, afande. Jumanne, afande. Ni mtoto wa miaka saba." Kimya. "Naelewa samaki akiona kivuli anakimbia, afande. Ila ni siku mbili bila dawa." Kimya kirefu. "Yule wa mguu naye aliikosa dawa siku mbili tu." Kimya. "Samahani, afande."

Maji ya beseni yalipoa na miguu ndani.

Jumanne mchana alirudi nyumbani akiwa na sare. Akavaa gauni la kawaida na kandambili.

"Vaa viatu," alisema.

"Tunaenda wapi?"

"Kumtembelea mtu. Mwanamke asiyejulikana akija peke yake anatisha. Akija na mtoto, ni mgeni."

"Mimi si mtoto."

"Leo uwe."

Nilijua tunakokwenda. Kwenye picha moja ya Mama Vifungo, nyuma ya gauni lililotundikwa, lilionekana dirisha, na dirishani tangi la maji la bluu lenye kifuniko kilichobonyea. Tangi lile liko nyuma ya shule ya udereva, nalipita nikienda kusaga unga. Sikuwa nimesema. Nikamuuliza njiani alijua lini.

"Mwezi wa tisa. Kwenye picha ya mtu siwezi tena kuangalia uso, naangalia madirisha. Ni ugonjwa." Alitembea kidogo. "Ila si kazi yetu kujua nyumba ya mtu asiye na kosa. Nilijifanya sijui."

Kibanda kilikuwa na cherehani moja, kioo, na rafu za chupa za vifungo. Mwanamke mnene, mdogo kuliko nilivyomfikiria, alikuwa na pini mdomoni. Binti yake alikaa mkekani akitunga vifungo kwenye uzi, ana kovu juu ya jicho. Kwenye rafu, kati ya vibiringo vya nyuzi, kulikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki. Hakijafunguliwa. Nilikiona kabla ya kumwona mtu yeyote.

"Karibuni. Ni kupunguza au kupanua?"

"Si nguo, dada," mama mdogo alisema. "Mimi ni Mama Pacha."

Yule mwanamke alizitoa pini moja moja, akazichoma kwenye mto wake bila kuangalia. Kisha akapiga kelele, akamkumbatia mpaka kandambili moja ikatoka.

"We! Na hata husemi unakuja! Ningepika! Na huyu ndiye nani, mbona hukusema una mkubwa? Wenyewe wako wapi? Umewaacha na nani?"

Mama mdogo alisubiri mikono ile imwachie. Haikuachia upesi. Kisha akatoa kitambulisho.

Mama Vifungo alikisoma polepole, kama ninavyosoma mimi. Akakirudisha.

"Ile dawa," mama mdogo alisema, "umeshampa?"

"Bado. Asubuhi kamalizia ya hospitali."

"Usimpe. Hata tone. Ni sukari."

Yule mwanamke alikaa kwenye kiti cha cherehani. Mtoto alimwonyesha uzi wa vifungo, naye akamwambia vizuri mwanangu, endelea. Kisha akauliza, kwa sauti ya kupima nguo:

"Ulijua lini kuwa ni sukari?"

"Mwezi wa pili, mwaka jana."

"Na mimi nilikwambia lini nimeagiza?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ulinijibu nini?"

Mama mdogo aliinama kuivaa ile kandambili iliyotoka.

"Uliniwekea moyo," Mama Vifungo alisema. "Moyo mwekundu. Nikaona, aa, mwenzangu kafurahi."

Nje kwenye uwanja wa shule ya udereva gari lilikuwa linarudi nyuma, linazimika, linarudi nyuma tena.

"Na yule binti yako. Aliyeanguka kwenye ngazi mwezi wa sita."

"Hayupo, dada. Hajawahi kuwepo."

"Nilimfungia saumu siku mbili." Akajipangusa uso kwa kipande cha bitana. "Siku mbili na jua lile, nashona sare za watu tumbo tupu, namfungia hewa."

"Kama ningekuambia huko mtandaoni, angejua. Alhamisi anakuja mwenyewe. Mwaka mzima nimesubiri hiyo Alhamisi."

"Na hao wengine walioagiza?"

"Wako saba. Ninaowajua."

"Wao wametembelewa na nani?"

Mama mdogo akakaa kwenye stuli iliyokuwa pembeni yake.

Mama Vifungo akachukua simu yake.

"Ukiandika," mama mdogo alisema, "tutamkosa. Atafuta kila kitu, atafungua jina jingine, ataanza na watoto wa watu wengine. Nakuomba. Siku mbili."

"Basi andika wewe. Andika kwa jina lako la Mama Pacha uwaambie wavumilie siku mbili."

Alianza kuandika. Mama mdogo alikuwa karibu kabisa, mkono ungefika. Ana nguvu, nimeshamwona akimwangusha mwanaume sokoni. Aliutazama mkono wake, kisha akauweka chini ya paja na kuukalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chungu. Akabaki hivyo mpaka simu ya kazi ilipolia mkobani mwake, kwa ujumbe ambao sisi sote tuliuona ukiandikwa.

Mama Vifungo hakuandika matusi. Aliandika: dawa ya Dokta Nafuu ni sukari, polisi wamenihakikishia, msimpe mtoto. Mama Pacha ni polisi. Hana pacha.

Zilipita dakika kumi na moja. Dokta Nafuu akatoweka, ukurasa, picha, kila kitu. Mama mdogo alikuwa ameshika simu akihesabu dakika kwa sauti ya chini, sijui kwa nini.

Halafu zikaanza kuingia picha. Mama mmoja aliweka chupa yake. Mwingine akaweka chupa tatu. Mwingine kifurushi chenye mwandiko wa mtu. Mama mmoja alikuwa amempiga picha mtoto wake siku ya dawa, na nyuma ya mtoto pikipiki, na kwenye pikipiki namba yote. Mama mdogo alimpigia koplo.

"Washa printa. Waambie wa barabarani leo si yao. Na muite mtu akae na wewe, usithubutu kupiga picha hata moja peke yako." Akasikiliza. "Ndiyo, kakimbia. Mimi. Mimi ndiye niliyemkimbiza. Washa printa."

Ile chupa ya rafuni aliichukua kwa fomu, nami nikasaini kama shahidi. Mama Vifungo alisaini bila kumtazama.

Alhamisi saa sita stendi hakuja mtu. Mwenye pikipiki alipatikana, akaonyesha duka alikokuwa akichukulia mizigo. Walikuta madumu, magunia ya sukari na karatasi za lebo, na chai ya mtu ikiwa nusu kikombe. Mwenyewe anatafutwa. Barua ya kuizuia kampuni isifute akaunti yake ilikuwa imeshatumwa zamani, kwa hiyo yale yaliyofutwa huku yapo kule, yakisubiri muhuri uonekane. Kati ya wale saba, mtoto wa mmoja alikuwa ameshainywa dawa ile siku nne. Alilazwa Jumatano, akaruhusiwa Jumapili akiwa anatembea mwenyewe. Mama mdogo aliniambia hilo la kutembea mara mbili.

Mkuu alimtaka aandike maelezo kwa nini asichukuliwe hatua. Aliyaandika mezani kwetu, ukurasa mmoja. Mwenye nyumba akampitia dirishani.

"Wamekufukuza?"

"Bado, mama."

"Wakikurudisha barabarani utanivusha?"

"Nitakuvusha."

Wiki iliyofuata niliitwa kituoni kutoa maelezo yangu ya ushahidi. Wazazi walikuwa wamejaa kwenye benchi mpaka nje, kila mmoja na chupa kwenye mfuko. Wengine walikuwa wanaonana kwa mara ya kwanza, wanatajiana majina ya mtandaoni. Mama mdogo alikuwa anaandika kwa mkono, maana kompyuta ilikuwa moja na watu ni wengi. Aliandika ya ishirini na mbili, akaita namba inayofuata.

Aliyesimama ni Mama Vifungo. Alitazama kiti, akamtazama koplo.

"Niandikiwe na huyu kijana."

Mama mdogo aliinuka, akampisha koplo, akaenda kusimama kwenye printa.

Sheria ilitaka mazungumzo yote ya Mama Vifungo na Mama Pacha yawe kielelezo. Kurasa mia na arobaini, na mwenye maneno lazima asaini kila ukurasa kwamba ndiyo yake. Printa inatoa, mama mdogo anapokea, anagonga muhuri, anampa. Koplo alimwambia asaini tu asijisumbue kusoma. Alisoma. Wifi wa sokoni, kijiko, maji, ngazi za mwezi wa sita, yote. Alichukua saa nzima na zaidi, na kwenye benchi hakuna aliyelalamika. Kuna ukurasa mmoja aliushika muda mrefu, nikaona mabega yake yanatikisika, sikujua ni kucheka au ni nini. Akausaini.

Alipomaliza alifunga mkoba wake.

"Dawa ya hospitali imefika?" aliuliza, kama vile anauliza chumba kizima.

"Jana," mama mdogo alisema. "Dirisha la tatu. Nenda kabla ya saa nane, wanafunga kula. Ukikuta wamefunga gonga pembeni, kuna nesi, mwambie umetumwa na..." Akasita.

Mama Vifungo alimngoja amalize. Hakumaliza.

"Asante, afande," alisema, akatoka.

Mama mdogo alirudi kwenye kiti, akavuta karatasi mpya, akapangusa miwani kwa ncha ya shati. Kisha akaita namba ishirini na nne.